Injini Iliyozibwa Pumzi

Nilipoingia uani kwa kaka yangu, kilichonipokea ni miguu yake. Mwili mwingine wote ulikuwa uvunguni mwa gari, na mkono mmoja ulikuwa unapapasa chini ukitafuta spana iliyolala karibu na kiatu changu.

"Shikamoo, kaka."

"Marahaba. Nisogezee hiyo spana, halafu usiniulize kitu."

Niliiokota, lakini sikumpa. "Unashusha giaboksi tena?"

"Nimesema usiniulize."

Mafundi wenzake humwita Kobe, kwa sababu nusu ya maisha yake ameyamaliza akiwa amelala chini ya gamba la chuma. Ni fundi mzuri. Sisemi hivyo kwa kuwa tumezaliwa tumbo moja. Hata watu waliogombana naye humrudishia magari yao. Lakini hili lilikuwa gari lake mwenyewe, kuukuu, na lilikuwa linamuumbua. Lilikuwa linavuja oili nyuma ya injini, pale injini inapoungana na giaboksi. Alikwisha kuishusha giaboksi mara moja akabadilisha sili ya nyuma, ule mpira wa duara unaozuia oili isitoke pale mhimili wa krenki unapojitokeza. Aliweka sili mpya, na aliiweka vizuri. Jana yake akalijaribu gari mpaka sokoni, likarudi linafuka moshi. Oili ilikuwa inachuruzika juu ya bomba la ekzosi na kuungua, harufu imeenea uani kote.

Ingekuwa siku nyingine tungemtania. Siku hiyo hakuna aliyekuwa na hamu ya utani.

Ndani, chumba cha nyuma, alikuwa amelala binti yake. Tunamwita Kidoti. Mimba yake ilikuwa imekomaa, na kondo la nyuma lilikuwa limekaa chini, limeziba njia ya mtoto. Daktari alimweleza mbele yangu kwa sauti ya upole, na upole ule ulinitisha kuliko kama angefoka. Hatajifungua kwa njia ya kawaida. Atapasuliwa, tena katika hospitali kubwa, ng'ambo ya mlima. Kesho asubuhi akalazwe. Na akiona damu kabla ya hapo, hata kidogo, asingoje kesho, aende hapo hapo.

Mumewe alikuwa kazini, safari ya mbali, anapiga simu mpaka simu inapata moto. Gari la zahanati lilikuwa juu ya mawe, halina magurudumu. Wenye magari ya kukodi, kila aliyesikia habari ya damu alikumbuka ghafla kuwa ana safari nyingine. Limebaki gari la Kobe, na Kobe anataka kulifungua.

Nikachutama nikachungulia uvunguni. "Kaka, ukishusha giaboksi sasa, halafu ikawa siyo sili, kesho tutapanda mlima na nini?"

"Na nisiposhusha, oili ikaisha katikati ya mlima? Au moto ukashika kwenye ekzosi na mwanangu yumo ndani? Utamtoa wewe?"

Nilibaki nimeishika ile spana, na nikaona kwamba jasho limeilowanisha.

Mimi ni mshonaji. Mchana nashona, jioni naenda chuo cha ufundi kujifunza magari, katika darasa ambalo mwalimu ni mdogo kuliko kitinda mimba wangu. Nilianza nikiwa na mvi kichwani. Nilimwomba Mungu anifungulie akili, naye anaifungua kidogo kidogo. Kaka huniita Profesa, na siyo kwa kunisifu. Yale machache niliyoyajua nilikuwa nayaogopa, kwa sababu mtu anayejua nusu anaweza kuua kama asiyejua kabisa. Lakini mwalimu wetu alikuwa ametuambia neno moja ambalo lilikuwa linanigonga kichwani tangu jana: usiamini pale oili inapodondokea, tafuta pale inapoanzia. Oili hutiririka, na upepo huisukuma nyuma. Inaweza kuanzia juu kabisa ikaja kudondokea chini ya giaboksi.

Nikaomba kimoyomoyo. Ee Mungu, nisaidie, na kama ni kiburi tu, nifunge mdomo sasa hivi. Mdomo haukufungwa.

"Kaka, niachie kidogo niiangalie kwa juu kabla hujafungua. Nisipoona kitu nitakushikia tochi mpaka umalize, na sitasema neno."

"Wewe usiseme neno? Hilo ningelipa kiingilio nilione. Hivi, Profesa, huko darasani kwenu mna magari au mna picha za magari?"

"Magari yapo. Ila hayana injini."

Nilisikia anacheka uvunguni, kicheko kifupi kama kikohozi. Kwa kaka yangu, hiyo ni ruhusa.

Nilifungua boneti, nikafuta nyuma ya injini kwa kitambaa chenye petroli mpaka chuma kikang'aa, nikaacha kikauke. Sasa nilihitaji kitu cheupe cha kunyunyiza, ili oili ikipita iache alama. Nikakimbia ndani.

Wifi yangu, mke wa Kobe, alikuwa amepiga magoti sakafuni kwenye chumba cha Kidoti, anakunjua nguo alizokwisha kukunja na kuzikunja upya. Begi la safari lilikuwa wazi kando ya kitanda. Nilitoa humo kopo la poda.

Kidoti alifumbua jicho moja. "Shangazi, unaiba poda ya mwanangu?"

"Naazima."

"Gari limetoka vipele?"

"Vibaya sana."

Alitabasamu, kisha akanishika kidole kwa mkono uliokuwa baridi. "Shangazi, niambie kweli. Hilo gari litatufikisha?"

"Tumwombe Mungu, mwanangu."

"Mungu nimeshamwomba. Sasa nakuuliza wewe."

Nikambusu kipaji cha uso nikatoka, kwa sababu sikuweza kumwangalia.

Nilinyunyiza poda nyuma yote ya injini, juu na chini, na kaka akajipaka nyingine kwa bahati mbaya usoni alipokuwa anachungulia kwa chini. Nikawasha gari. Tukaliacha lingurume. Mimi nilimulika tochi kwa juu, yeye kwa chini. Halafu poda ikaanza kubadilika rangi. Mstari mwembamba, wa kahawia, ulitokea pembeni ya kifuniko cha valvu, kule juu kabisa, kwenye kona ya nyuma ambayo haionekani ukisimama kawaida. Ukashuka taratibu, ukazunguka, ukatokomea chini.

"Kaka, huko kwenye sili kukoje?"

"Kwenyewe ni kweupe." Kisha, "Inakuja kutoka juu. Inapita hapa kama mgeni tu."

Alijivuta akatoka uvunguni na uso wake wenye poda. Ningecheka, lakini macho yake hayakuwa ya kuchekwa.

"Basi ni gasketi ya kifuniko cha valvu," alisema. "Hiyo ni kazi ndogo. Nafungua, nabadilisha..." Akaishia hapo. "Lakini hiyo nimeibadilisha. Nilipobadilisha sili nilibadilisha na hiyo. Zote mbili mpya."

Furaha yangu ikazimika pale pale. Na ndipo nilipokiona kijiti cha kupimia oili. Kilikuwa kimejiinua kutoka kwenye bomba lake. Nikakisukuma ndani kwa kidole. Gari lilikuwa bado linanguruma, na kijiti kikapanda tena, polepole, kama mtu anayechungulia dirishani.

"Kuna kitu kinasukuma," nilisema.

Nilirudi ndani nikachukua glavu ya mpira ya kuoshea vyombo. Kaka alinitazama kama anavyotazamwa mtu aliyepandwa na homa. Nilifungua kifuniko cha kujazia oili, moshi ukanipiga usoni, nikaivisha ile glavu mdomoni mwa injini. Ikatikisika mara moja. Kisha ikajaa upepo, kidole kimoja kimoja, ikasimama wima juu ya injini, vidole vyote vitano, kama mtu anayeapishwa mahakamani.

"Zima," alisema kaka. "Zima, zima!"

Nilizima. Glavu ikalala.

Hakuhitaji kufundishwa na mimi. Alianza kuongea peke yake, haraka, kama anayejisomea mashtaka. Injini ya zamani ringi zake zimelika, moshi unapenya kando ya pistoni unashuka chini kwenye oili. Lazima utoke. Usipopata pa kutokea unasukuma popote palipo dhaifu, hata kama pamefungwa upya. "Hii injini imezibwa pumzi," alisema. "Ningeweka sili hata za dhahabu, zingevuja."

"Pumzi yake inatokea wapi?"

"Pawili. Kuna kivalvu kidogo hapa juu, na kuna ule mpira mnene unaokwenda kwenye kisafisha hewa..." Aliutafuta kwa macho. Hakuuona. "Uko wapi ule mpira?"

Nilipenyeza mkono nyuma ya injini, kwenye giza, kwa kuwa mkono wangu ni mwembamba. Chuma kikaniunguza kifundo. Nilisema jina la Mungu kwa sauti, na sikuwa naapa. Nikaugusa. Mpira ulikuwa umechomoka kwenye kisafisha hewa na kuangukia nyuma, karibu kabisa na upenyo unaopitisha hewa kwenda ndani ya gari. Nilipouvuta juu, ncha yake ilikuwa imefungwa kwa ukanda wa tyubu, na mdomoni umejazwa kitambaa.

Nilikichomoa kile kitambaa. Kilikuwa kimelowa oili, lakini mshonaji hasahau kitambaa alichokikata. Kilikuwa baki la mapazia ya chumba cha Kidoti. Niliyashona mimi, na mabaki nikampa wifi.

"Ni nini hicho?" aliuliza kaka.

Nilikifumbata. Ee Mungu, niseme nini? Nikisema, nitawagombanisha mume na mke siku ambayo binti yao anawahitaji wote wawili. Nikinyamaza, atamtafuta mchawi wake kati ya mafundi wenzake. Bado nilikuwa nimesimama na ngumi yangu inayodondosha oili, sauti ikatoka mlangoni.

"Ni mimi niliyeziba."

Wifi alikuwa amesimama kwenye kizingiti, ameshika shuka dogo la mtoto.

"Wewe?" Kaka alisema. "Umeziba nini, mama Kidoti? Unajua umefanya nini? Nimelala chini ya gari hili mpaka mgongo umeota kutu!"

"Mwanao alikuwa anatapika, baba Kidoti. Kila tukimpeleka kliniki anatapika njia nzima. Ile harufu ya moshi wa oili ilikuwa inaingia ndani. Nilikwambia. Ukasema ni kawaida ya gari kuukuu, nifungue dirisha. Nikakwambia tena. Ukasema wanawake wajawazito wana pua ndefu. Nikafungua mwenyewe nikaona kibomba kinafuka, nikakiziba. Harufu ikaisha. Mtoto akaacha kutapika. Sasa ningejuaje kama na gari lenyewe linavuta pumzi?"

Kaka akakaa juu ya tairi la akiba, akajifuta poda usoni kwa mkono wenye oili, akawa mbaya zaidi.

"Pua ndefu," alisema mwishowe. "Hilo nilisema kweli."

"Ulisema, mbele ya mashahidi."

Nilirudisha mpira mahali pake, nikaufunga vizuri, nikafuta ule mstari wa oili na kunyunyiza hapo poda yote iliyobaki. Nikawasha gari, nikaivisha glavu tena, nikijua sasa kazi imekwisha. Glavu ikajaa. Haikusimama kama mwanzo, iliinama upande kama mlevi, lakini ilijaa. Hapo ndipo elimu yangu ilipoishia, na ningekuwa peke yangu tungeishia hapo wote.

Kaka alikuwa ameshainuka. "Subiri," alisema. "Huo moshi ulikuwa unatoka kwa wingi kwenye mpira kwa sababu kule kwingine kumefungwa tangu zamani." Alichomoa kile kivalvu kidogo, kisichozidi kidole gumba, akakitikisa karibu na sikio langu. "Unasikia nini?"

"Sisikii kitu."

"Ndiyo maana. Kinatakiwa kilie kama punje kwenye kopo. Kimejaa tope la oili." Akakitumbukiza kwenye kikombe cha mafuta ya taa, akaanza kukisugua ndani kwa waya laini.

Kidoti akamwita mama yake. Hakupiga kelele. Aliita mara moja, kwa sauti ya kawaida, "Mama," na sisi sote watatu tukajua.

Wifi alikimbia. Akarudi mlangoni. Akatuonyesha tu lile shuka jeupe la mtoto, na kidole chake kikagusa alama nyekundu ya damu aliyoifuta kwalo.

Kivalvu kikaiponyoka mikono ya kaka, ile niliyoiona ikifunga skrubu gizani bila kukosea, kikaangukia mchangani. Nilipiga magoti nikakiokota. Nilikitumbukiza tena kwenye mafuta ya taa, nikakitikisa. Kimya. Nikakisugua, nikatikisa. Kimya. Sikumbuki niliomba maneno gani. Nadhani nilisema "tafadhali" tu, mara nyingi, kama mtoto. Nikatikisa tena.

Kikalia. Tik, tik, tik.

"Leta," alisema kaka, na safari hii mkono wake ulikuwa umetulia. Alikirudisha, nikawasha, akaivisha glavu mwenyewe. Glavu ikabaki imelegea, kisha vidole vyake vikaanza kuvutwa ndani, kimoja kimoja, kama vinamezwa.

Hakuna aliyeshangilia. Kaka aliongeza oili mpaka kipimo, akafunga mfuniko, akateremsha boneti, na wakati huo mimi na wifi tulikuwa tumeshamlaza Kidoti kiti cha nyuma, kichwa mapajani mwa mama yake. Mimi nilikaa mbele na galoni la oili miguuni.

Mwanzoni gari lilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda mlima, nilikuwa sitazami barabara, nilikuwa nanusa. Kaka naye ananusa. Nyuma Kidoti alikuwa anahesabu pumzi zake kwa minong'ono, na wifi anamfuta uso. Kila gari lilipopiga shimo nilisikia meno ya kaka yakigongana.

Na pale kwenye kona kali, mwinuko ulipozidi, harufu ikaja. Oili inaungua. Ikafuata na wingu jembamba la moshi, likipita pembeni ya kioo.

Mguu wa kaka ukalegea kwenye mafuta. "Umeona?"

"Nimeona."

Gari likapunguza mwendo. Tukisimama pale, kwenye mwinuko ule, huenda lisingeondoka tena. Tusiposimama, na ikawa inavuja upya juu ya ekzosi yenye moto, basi nimetuchoma sote wanne, na wa tano ambaye hajaliona jua.

"Dada," alisema kaka. Si Profesa. "Nifanyeje?"

Nilijilazimisha kufikiri. Nilikuwa nimefuta nyuma ya injini. Ekzosi sikuifuta. Ile oili ya jana ilikuwa bado imeganda juu yake, na mpaka hapo hatukuwa tumeipandisha moto kiasi kile. Taa ya oili ilikuwa imezimika kama inavyotakiwa. Kijiti sikuweza kukiona. Glavu ilinyonywa ndani, hilo nililiona kwa macho yangu.

"Ni oili ya jana inayoungua," nilisema. "Usisimame."

"Una hakika?"

Sikuwa na hakika. "Usisimame, kaka."

Akakanyaga mafuta. Nilifumba macho nikamwambia Mungu kwamba kama nimekosea, kosa ni langu, asimtwike mtoto. Moshi ukaongezeka. Wifi alianza kukohoa nyuma, akamfunika Kidoti pua kwa upindo wa gauni lake. Kisha, kabla hatujafika kileleni, nikavuta pumzi nikasikia harufu ya majani mabichi. Nikavuta tena. Majani mabichi tu, na mafuta ya taa kwenye vidole vyangu.

Hospitalini walimpokea kwa machela, mlango ukafungwa, tukabaki na taa nyekundu juu yake. Wifi aliketi ameshika viatu vya binti yake. Kaka alikaa, akasimama, akakaa, kisha akatoweka. Sikumfuata. Niliinamisha kichwa nikaomba mpaka maneno yakaniishia, nikaendelea kuomba bila maneno.

Muuguzi alipotoka alikuwa ameshusha barakoa kidevuni, na nilimsoma usoni kabla hajasema. "Mama mzima. Alipoteza damu, tumemwongezea. Mngechelewa..." Hakumalizia. "Mtoto wa kike. Analia kama anadai kitu. Baba wa mgonjwa yuko wapi?"

"Yuko chini ya gari," alisema wifi, akaanza kulia na kucheka pamoja.

Nilimkuta kwenye maegesho, miguu miwili imetokeza. Nikamwambia. Miguu haikusogea. Nilisubiri, kwa sababu nilisikia pumzi zake zinavyokatika, na nikajua hataki nimwone.

"Dada," alisema baadaye. "Lete tochi uone. Huku nyuma poda bado nyeupe."

Nikalala chini kando yake, na nguo zangu za kutokea, nikaangalia. Ilikuwa nyeupe.

Wifi akatuita kutoka dirishani, kwa sauti iliyowageuza watu wote shingo. Mtoto ameoshwa, wanamvalisha. Poda iko wapi, mbona kopo ni tupu?